Sauti Ndani ya Ngoma: Uzuri wa Rekodi na Utambaji wa Tendi katika Walikale na Masisi

1.0 Utangulizi

Mwaka 1956, katika wilaya ya Walikale, Kivu ya Kaskazini, fanani Mnyanga She-Karisi Rureke aliutamba utendi wa Mwindo kwa muda wa siku 12. Aliimba, alisimulia, aliigiza na kucheza, kayamba ya kibuyu mkononi, huku vijana watatu wakigonga gogo la mdundo lililoinuliwa juu ya vijiti ili lisiguse ardhi, na hadhira ikiitikia. Daniel Biebuyck na wasaidizi wake waliandika. Kitabu kilichotokana na kazi hiyo, kilichohaririwa na Biebuyck pamoja na mwanaisimu Kahombo Mateene, kilichapishwa mwaka 1969 na Chuo Kikuu cha California, kikiwa na matini ya Kinyanga na tafsiri ya Kiingereza. Mwaka mmoja baadaye Ruth Finnegan alitia shaka kuwapo kwa tendi barani Afrika. Isidore Okpewho alipomjibu mwaka 1979, Mwindo alikuwa miongoni mwa mashahidi wake wakuu.

Mjadala huo uliendeshwa juu ya maneno. Wahakiki walipima ukubwa wa shujaa, mpangilio wa matukio na wingi wa mishororo. Sauti ilipitwa. Msomaji wa kitabu cha 1969 anajua Mwindo alisema nini. Hajui Rureke alipumua wapi, kayamba iliharakishwa lini, wala waitikiaji walichelewa kiasi gani kumpokea. Kwa kazi ambayo wenyewe waliifahamu kwa masikio, upungufu huo si mdogo.

Makala haya yanachunguza swali moja: rekodi ya utambaji inaposemwa kuwa "inasikika vizuri", uzuri huo ni upi, na unapimwa kwa sikio la nani? Swali hili huonekana kuwa la wapenzi wa santuri wenye fedha, wanaokaa jioni mbele ya spika za gharama. Makala yanadai kuwa ni swali la uhakiki wa fasihi simulizi, na kwamba katika Walikale na Masisi kulijibu vibaya kuna hasara isiyorudishika.

2.0 "Kusikika vizuri": utata wa istilahi

Kiswahili kinatumia neno moja, sauti, kwa kile kinachotoka kooni mwa mtu na kwa kile kinachotoka katika spika. Neno mlio lipo, lakini halimhusu msemaji. Kitenzi kusikia nacho ni kipana: mtu husikia wimbo, husikia harufu, husikia baridi, na mtoto msikivu ni yule anayetii. Kwa hiyo mzungumzaji wa Kiswahili anaposema rekodi inasikika vizuri, anaweza kuwa na maana tatu zilizo tofauti.

Maana ya kwanza ni kufika: sauti ina nguvu ya kutosha, haikwamikwami. Maana ya pili ni kueleweka: maneno yanatambulika, silabi hazimezwi. Maana ya tatu ni kupendeza: sikio linaburudika. Wapenzi wa usikilizaji makini barani Ulaya, Marekani na Ujapani hushughulika zaidi na maana ya tatu, wakichukulia kwamba mbili za kwanza zimekwisha kupatikana studioni. Mtafiti wa fasihi simulizi hana haki ya kuchukulia hivyo. Utambaji hauna studio, na kueleweka kwake hutegemea mambo ambayo mpenzi wa santuri huyaita kasoro.

3.0 Kipimo cha uaminifu: nguvu yake na mipaka yake

Wazo la uaminifu wa sauti, yaani rekodi kurudisha kile kilichosikika mbele ya maikrofoni bila kuongeza wala kupunguza, lilikua pamoja na vyombo. Alan Blumlein aliomba hataza yake ya sauti ya pande mbili nchini Uingereza mwaka 1931. Santuri ndefu ilitolewa mwaka 1948, nayo ikavunja kifungo cha dakika 3 hivi kwa kila upande wa santuri za mizunguko 78. Mwaka 1982 ikaja diski ndogo ya kidijiti, inayopima sauti mara 44,100 kwa sekunde ili kutosheleza sikio la binadamu, ambalo kwa kijana mwenye afya husikia kuanzia hezi 20 hadi 20,000 hivi.

Usikilizaji uliozaliwa na vyombo hivyo una adabu zake, na adabu hizo zastahili kuheshimiwa. Msikilizaji makini husikiliza kipande kimoja mara nyingi. Hulinganisha rekodi mbili za kazi moja. Tena anajua kwamba kati ya rekodi mbili, ile iliyo kubwa zaidi kidogo huonekana kuwa bora hata kama si bora, hivyo husawazisha ukubwa kabla ya kutoa hukumu. Wanafunzi wangapi wa fasihi simulizi hufanya hivyo kabla ya kuandika kwamba fanani fulani "ana sauti ya mvuto"?

Mipaka ya kipimo hiki inaonekana katika namna msikilizaji anavyokaa. Anakaa peke yake, kimya, kwenye ncha ya pembetatu ambayo ncha zake nyingine mbili ni spika. Mbele yake panajengeka jukwaa la kudhaniwa: mwimbaji katikati, ala kushoto na kulia. Mpangilio huo umetoka katika ukumbi wa matamasha, ambamo anayetumbuiza na anayesikiliza wametenganishwa, na kikohozi cha msikilizaji ni kosa. Katika utambaji wa Kinyanga hakuna ncha hiyo ya pembetatu. Anayesikiliza yumo ndani ya sauti. Yeye ndiye kiitikio. Rekodi inayomwondoa msikilizaji ili kupata usafi imeondoa sehemu ya matini yenyewe.

Pana na suala la mikwaruzo. Ala nyingi za Afrika ya Kati na Kusini hufungwa kwa makusudi vipande vya bati, makombe au utando ili zitoe mvumo wa kukwaruza juu ya noti. Sikio lililolelewa na uaminifu wa studio husikia hitilafu ya spika. Mwenye ala husikia ukamilifu, na asipousikia huitengeneza upya. Hapa usafi na uaminifu vinagombana: fundi anayesafisha rekodi hiyo anakuwa amedanganya.

4.0 Mkono wa Hugh Tracey

Mtu aliyeyakabili matatizo haya kwa vitendo katika ukanda huu ni Hugh Tracey (1903-1977). Mwaka 1952 alipita mashariki ya Kongo, akarekodi miongoni mwa Wanande, Wambuti na jirani zao, pamoja na muziki wa makasri ya Rwanda. Mwaka 1954 aliasisi Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Kiafrika, ambayo baada ya kifo chake ilihamia Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Tangu 1998 Michael Baird amezitoa upya sehemu za rekodi hizo, na wasikilizaji waliozoea vyombo vya kisasa wamestaajabu jinsi zilivyo hai.

Uhai huo haukutokana na ubora wa mashine peke yake. Tracey hakuisimika maikrofoni na kuiacha. Aliishika, akaisogeza kumfuata aliyekuwa akibeba wimbo kwa wakati huo: mwimbaji kiongozi alipoanza, kwake, kiitikio kilipoingia, kwa waitikiaji. Maikrofoni yake ilikuwa kama jicho linalochagua. Aidha alipima kwa uma za sauti mitetemo ya noti za ala alizorekodi, akaiandika, ili anayesikia baadaye aweze kutambua kama mashine imeenda kasi au polepole.

Sifa hii haifuti lawama mbili. Ya kwanza ni ya muda. Kwa kuwa kazi nyingi zilikusudiwa santuri za mizunguko 78, wimbo ulipangwa utoshee dakika chache, na mara nyingine sauti ilififishwa wimbo ungali ukiendelea. Kipimo cha dakika 3 kikiwekwa kando ya siku 12 za Rureke, inaonekana mara moja kwamba tanzu fupi ndizo zilizokuwa na bahati ya kusikika duniani. Ya pili ni ya uchaguzi. Mkono unaoisogeza maikrofoni unaamua nani ni kiongozi na nani ni mandharinyuma. Uamuzi huo ni uhakiki uliotangulia uhakiki, na msikilizaji hawezi kuukatia rufaa.

Mfano wa ukanda wa jirani unaonyesha ufupishaji huo unavyoweza kufika mbali. Rekodi ya wimbo wa jando la wasichana wa Kimbuti, iliyofanywa na Colin Turnbull katika msitu wa Ituri, imo katika santuri ya dhahabu iliyopelekwa angani na vyombo vya Voyager mwaka 1977. Urefu wa kipande hicho hauzidi dakika 1. Msitu mzima umewakilishwa mbele ya nyota kwa muda usiotosha hata kiitikio kuzoeleka.

5.0 Hesabu ya umbali

Lawama juu ya uchaguzi zinaweza kuelezwa kwa hesabu nyepesi. Mahali pa wazi, kila umbali unapozidishwa mara mbili, sauti hupungua kwa desibeli 6 hivi. Chukua fanani anayeshika kayamba. Maikrofoni ikiwa sentimita 25 kutoka kinywani mwake na sentimita 50 kutoka mkononi, kinywa kinapata faida ya desibeli 6 juu ya kayamba, na maneno yanatoka. Lakini waitikiaji waliokaa mita 4 kutoka kwenye maikrofoni wako mbali mara 16 kuliko kinywa, nao wanasukumwa nyuma kwa desibeli 24. Wanakuwa uvumi.

Maikrofoni ikirudishwa hadi mita 2 kutoka kwa fanani, na waitikiaji wakibaki mita 4 kutoka kwayo, tofauti yao inashuka hadi desibeli 6. Jumuiya imerudi. Faida ya kinywa juu ya kayamba, hata hivyo, imekaribia kutoweka, kwa kuwa kutoka mita 2 kinywa na mkono vina umbali unaokaribiana. Basi hakuna mahali pamoja panapotosha. Karibu panatoa maneno bila watu; mbali panatoa watu na kuyaficha maneno. Anayesema amepata rekodi "nzuri" kwa maikrofoni moja isiyosogea hana budi aeleze ametoa kafara kipi.

Mahali penyewe pana sheria zake pia. Masisi ni nchi ya milima na malisho. Mwimbaji akisimama ukingoni mwa kilima upepo hupiga maikrofoni na kutoa ngurumo nzito, na mwangwi wa bonde hurudi ukiwa umechelewa. Walikale, yenye eneo la zaidi ya kilometa za mraba 23,000, ni nchi ya msitu. Upepo ni haba, lakini mashina hutawanya sauti na kuirefusha, na usiku wadudu hujaza masafa ya juu. Mwimbaji wa msituni anazijua hali hizi bila kuzisomea: huziweka noti mahali ambapo msitu umeacha nafasi. Kuwafuta wadudu wote katika rekodi ni kuacha swali bila jibu lake: kwa nini aliimba katika kimo kile?

6.0 Toni: anachokosa msikilizaji wa Kiswahili

Kinyanga na Kihunde ni lugha za toni. Kupanda na kushuka kwa sauti hutofautisha maana za maneno na nyakati za vitenzi. Kiswahili kimepoteza sifa hiyo. Kina mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, na kiimbo hutofautisha taarifa na swali. Tofauti hii ina matokeo makubwa katika usikilizaji. Mtu wa Goma aliyelelewa kwa Kiswahili anaweza kuusifu wimbo wa Kihunde kwa utamu wa sauti, kumbe mdundo uliowekwa juu umefunika mwendo wa toni, na mzee wa Masisi hatambui neno lililoimbwa ni lipi.

Sayansi ya sauti inaleta hapa jambo la kutia moyo. Kimo cha sauti ya mtu mzima akisema huwa aghalabu kati ya hezi 80 na 250. Simu ya kawaida ya zamani ilipitisha takribani hezi 300 hadi 3,400 tu. Maana yake sauti ya msingi ya msemaji haikupita kabisa. Hata hivyo watu wenye lugha za toni walielewana kwa simu, kwa sababu sikio huujenga upya msingi kutokana na sauti zake za juu. Rekodi duni, basi, si lazima iharibu toni. Kinachoiharibu ni kufunikwa: ngoma nzito iliyo karibu mno na maikrofoni, au kinanda cha umeme kinacholazimisha noti zake juu ya mwendo wa neno. Kayamba, ambayo nguvu yake iko masafa ya juu, huiacha toni ikapita lakini huzika konsonanti kama s, f na sh. Mhakiki anayejua haya anaweza kusema kwa uhakika ni kipi kimepotea, badala ya kuridhika na neno "haisikiki".

Simu za mkononi za leo, ambazo ndizo mashine za kurekodi za vijiji vingi, zina hatari ya aina nyingine. Zimetengenezwa kwa ajili ya mazungumzo. Programu zake huhesabu sauti inayoendelea bila kubadilika, kama mvua au kayamba ya mfululizo, kuwa kelele, na kuipunguza. Fanani akinyamaza, zinapandisha ukubwa. Akipaza sauti, zinaushusha. Kwa njia hiyo kunong'ona na kupaza sauti hulingana. Fanani aliyenong'ona ili hadhira isogee karibu amenyang'anywa mbinu yake, na rekodi inayotokana huwa laini, safi, na isiyo kweli.

7.0 Mwindo kama msikilizwaji

Utendi wenyewe una la kusema katika mjadala huu. Shemwindo, chifu wa Tubondo, alikataza wake zake wasimzalie mtoto wa kiume. Mwindo alipozaliwa na jitihada za kumuua ziliposhindwa, baba yake aliagiza atiwe ndani ya ngoma, ifungwe kwa ngozi, itupwe katika kiziba cha mto. Kutoka ndani ya ngoma ile, majini, mtoto aliimba. Sauti yake ilimtangulia hadi kwa shangazi yake Iyangura, ambaye hatimaye aliipasua ngozi kwa kisu na kumtoa.

Kisa hiki kinaweza kusomwa kama nadharia ya sauti isiyo na mwili. Ngoma, chombo cha kuwaita watu, imegeuzwa sanduku la kumnyamazisha mmoja. Kila anayesikia wimbo ule husikia sauti bila kumwona mwimbaji, kama asikilizaye santuri. Lakini wasikilizaji hawalingani. Baba alisikia tishio. Iyangura alisikia jamaa yake, na kusikia kwake hakukuishia kwenye kuburudika: alichukua kisu. Katika mizani ya utendi, kusikiliza vizuri hupimwa kwa kile ambacho msikilizaji hufanya baada ya kusikia. Hapo msikivu wa Kiswahili na msikilizaji wa Kinyanga wanakutana.

Matini ya 1969 ina ushahidi mwingine, mdogo na wa thamani. Rureke, katikati ya kutamba, anamgeukia mwandishi na kumhimiza aendelee, kwa kuwa yeye fanani amekwisha kushika njia. Mhariri angeweza kuifuta kauli hiyo kama kelele ya mahali, haikufutwa. Ni alama ya pekee katika kitabu inayomwonyesha msomaji kasi ya sauti ikiishinda kasi ya kalamu. Kwa maneno ya fundi wa sauti, ni mkwaruzo ulioachwa kwa makusudi, na ndio unaomfanya Rureke asikike.

8.0 Hitimisho

Mapigano yaliyoanza Ntoto, Walikale, mwezi Machi 1993 na kuenea Masisi yalifungua miaka mingi ya vijiji kuhama, kurudi na kuhama tena. Utambaji wa siku 12 unahitaji kijiji kilichotulia: chakula cha wageni, vijana wa kugonga gogo, watu wanaojua kuitikia bila kufundishwa. Pale mambo haya yanapopatikana, hata kwa siku moja, rekodi itakayofanywa huenda isipate nafasi ya kurudiwa. Ndiyo maana kipimo cha uzuri wake kinapaswa kujulikana kabla ya mashine kuwashwa.

Uchunguzi huu unaelekeza kwenye kanuni chache. Mashine ziwe mbili, moja karibu na kinywa na nyingine katikati ya waitikiaji, na rekodi zote mbili zihifadhiwe bila kubanwa wala kusafishwa. Usafishaji ufanywe kwenye nakala. Upunguzaji wa kelele wa simu uzimwe panapowezekana. Majina ya waitikiaji na wapiga gogo, kwa idhini yao, yaandikwe kando ya jina la fanani. Rekodi isikilizwe kwanza na wasemaji wa lugha yenyewe, nao wataje ni maneno gani yamefunikwa, kabla mtu wa mbali hajaisifu. Nakala ibaki mahali iliporekodiwa.

Kisingizio cha muda kimekwisha. Sauti ya pande mbili ya ubora wa juu, yenye vipimo 48,000 kwa sekunde na biti 24, hula takribani gigabaiti 1 kwa saa. Siku 12 zenye saa 6 za kutamba kila moja ni saa 72, ambazo zinaingia katika kadi moja ya kumbukumbu isiyozidi ukucha wa kidole gumba. Mwaka 1952 mashine ndiyo iliyomkatiza mwimbaji. Leo anayemkatiza ni mtafiti aliyeamua kwamba dakika 3 zinamtosha, na mhakiki aliyekubali kusifu usafi wa rekodi bila kuuliza waitikiaji wamekwenda wapi.